Siku Tisa za Daftari la Mvua

4 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja na anayejua kila kitu changu bila kuuliza. Aprili mwaka jana nilitunga namba.

Mimi ndiye msomaji wa kipimamvua cha shule. Mwalimu wa jiografia alinichagua nikiwa kidato cha kwanza kwa sababu, alisema, nimetulia. Kazi yenyewe ni ndogo. Kila siku saa tatu asubuhi naenda nyuma ya maabara, natoa chupa ndani ya kopo la bati, namimina maji kwenye kioo chenye mistari, naandika milimita kwenye daftari na kuweka sahihi. Kisha nateremka korongoni nyuma ya uzio, ambako mwalimu alisimika nguzo ya chuma yenye alama za sentimita. Tope lililokauka kwenye nguzo linaonyesha maji yalifika wapi.

Njia ya kwenda nyuma ya maabara inapita kwenye ukuta mfupi, na ukuta ule ni wa wavulana wakubwa. Aprili mwaka jana walianza kuhesabu hatua zangu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka nipotee kwenye kona. Hawakunitukana, hawakunigusa. Walihesabu tu. Nilijaribu siku mbili, kisha kwa siku tisa sikupita. Nilikaa maktaba na kuandika namba zilizoonekana za kawaida: 3.0, halafu 0.0, halafu 7.5. Kila moja na sahihi yake.

Siku ya sita kati ya hizo tisa ilinyesha mvua ambayo sijaiona tena. Mama alikuwa amesahau sufuria katikati ya ua, na asubuhi ilikuwa na maji ya vidole vinne. Niliingiza mkono wangu mwenyewe. Vidole vinne ni kama milimita sabini. Niliandika 15.0. Sabini ingeonekana uongo.

Hapo ingekuwa aibu yangu peke yangu. Lakini wakati wa kiangazi kamati ya hapa kwetu ilijenga lambo la kuhifadhi maji kwenye korongo hilo, chini ya shule. Mtaalamu wa maji alikuja na kofia ya plastiki, akaomba daftari, akatafuta mvua kubwa kuliko zote ya siku moja, akapata 22. Kwa namba hiyo akapanga upana wa njia ya pembeni, ile ya kutolea maji lambo likizidiwa. Ni hatua mbili. Dada yangu anairuka.

Chini ya tuta la lambo ni nyumba ya shangazi.

Nimeandika. Nilidhani nitapata nafuu. Sijapata.

5 Machi

0.0. Walihesabu hadi thelathini na moja.

9 Machi

Leo trekta limelima shamba jipya la Baba, kule kilimani. Mwaka jana kilima kile kilikuwa vichaka vitupu. Mwezi wa tisa wakakata kila kitu kwa ajili ya mkaa, Baba na majirani zake wanne, na sasa kimebaki kama kichwa kilichonyolewa na wembe butu.

Dereva wa trekta analima kwa kupanda na kushuka. Anaanzia juu, anashuka moja kwa moja mpaka chini, anageuza, anapanda. Kitabu changu cha kidato cha pili, ukurasa wa themanini na nne, kina picha ya shamba kama hilo na neno KOSA limeandikwa chini yake. Nilimwambia Baba kwa sauti ya chini. Baba, ambaye hana sauti ya chini, alimwita dereva.

"Binti yangu anasema ulime kwa kukata mteremko."

"Nikate vipi?" dereva akauliza. "Nikilima kwa ubavu trekta linainama, mafuta yanaenda upande mmoja, na nageuza mara mia. Nina mashamba sita wiki hii. Kitabu chako, Profesa, kimewahi kuendesha trekta?"

Baba alicheka. Wote walicheka. Mimi nilitazama mifereji ile mirefu iliyonyooka kutoka juu ya kilima mpaka chini, kama mtu ametandaza mabomba.

10 Machi

0.0.

13 Machi

0.0. Dada anasema nasaga meno nikilala.

18 Machi

Mvua ya kwanza. 12.0. Imenyesha nusu saa tu, kwa hasira.

Nguzo korongoni: sentimita 41.

Nilirudi daftarini. Mwaka jana mwezi huu huu (kabla ya zile siku tisa, kwa hiyo namba ni za kweli) mvua ya 13.0 ilileta sentimita 9. Nilishuka tena korongoni kuhakikisha sikusoma nguzo kichwa chini.

19 Machi

Nimejaribu kumweleza Baba wakati wa chakula. Naandika mazungumzo yote ili siku moja niyacheke.

"Baba, maji ya korongoni yameongezeka."

"Mvua imepungua," akasema. "Kila mtu anajua. Miaka hii hakuna mvua."

"Siku za mvua ndizo zimepungua. Ila ikija, inakuja yote kwa pamoja. Na kilima kiko wazi, hakuna cha kuyashika maji. Hayaingii ardhini, yanateremka."

"Kwa hiyo mvua ni kidogo na maji ni mengi."

"Ndiyo."

"Mama yake," Baba akamgeukia Mama, "hivi huyu tunamlipia ada asomee nini?"

Mama akasema nimalize chakula kinapoa.

Kinachoniudhi si kwamba hawaelewi. Baba anaelewa vitu vigumu zaidi ya hivi. Anajua kutengeneza redio. Ila hili lina sura ya mzaha, na likishakuwa na sura ya mzaha, basi. Linapitishwa mezani pamoja na chumvi.

Halafu akaongeza, ili kunibembeleza: "Usiogope. Lambo limejengwa kwa namba zako mwenyewe." Anapenda sana kusema hivyo. Amewaambia watu wote kwenye kamati, maana yeye ni mjumbe. Namba za binti yangu.

Sikumaliza chakula.

23 Machi

0.0. Upepo.

29 Machi

19.0. Nguzo: sentimita 68. Maji yamekuja na kuondoka ndani ya saa moja. Mwaka jana korongo lilitiririka taratibu siku mbili kwa mvua kama hii.

Nilipita kwa shangazi baada ya shule. Ni dada mkubwa wa Baba na ni fundi cherehani. Anashonea barazani, na kutoka barazani ukiinua macho unaona tuta la lambo liko juu ya paa lake.

"Shangazi, hukusikia maji jana?"

"Nilisikia. Nikadhani baba yako amekuja kuomba msamaha, analia njiani." Hawajaongea vizuri tangu kilima kilipokatwa, kwa sababu shangazi alikataa kuuza kipande chake cha kilima. Akakata uzi kwa meno. "Una nini? Uso wako kama wa mtu aliyemeza kifungo."

Nilisema sina kitu. Alinitazama kwa muda mrefu juu ya miwani, kisha akanipa pindo nifumue.

2 Aprili

0.0.

3 Aprili

0.0. Wavulana wa ukutani sasa wananiita Mita.

7 Aprili

Nimemwambia mwalimu.

Nilimkuta ofisini anasahihisha. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nilijua mdomo utagoma. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, jambo ambalo halina maana yoyote maana bila miwani haoni.

"Siku tisa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hii kumi na tano ni sabini."

"Ni vidole vinne vya sufuria."

Nje mtu alikuwa anaburuta meza. Nilisubiri anikaripie, nilikuwa nimejiandaa vizuri. Badala yake akasema, "Wakaguzi wanakuja mwezi ujao. Daftari lile ndilo kitu pekee cha shule hii walichokisifu." Akaikunja karatasi yangu mara nne na kuiweka mfukoni. "Tuliache kwanza. Mtaalamu yule hakutegemea daftari peke yake, bila shaka ana vipimo vyake."

"Ana vipimo gani, mwalimu? Alikaa hapa asubuhi moja."

Sikuwahi kumjibu mwalimu hivyo. Hata yeye alishangaa. Akasema niende darasani.

Miaka mitatu amenifundisha kwamba namba isiyo ya kweli ni mbaya kuliko kutokuwa na namba. Alituandikisha kwenye ukurasa wa kwanza wa madaftari yetu na kupiga mstari chini yake kwa rula.

8 Aprili

6.5. Nguzo: 22. Sitaki kuandika.

12 Aprili

Kikao cha kamati ya lambo, darasani kwetu, kwa hiyo nilijua pa kukaa. Watoto hawaruhusiwi. Nilimwambia mwenyekiti nimeleta ripoti ya mvua, na Baba akasema mwacheni aisome, akaketi wima akitabasamu. Tabasamu hilo silisahau.

Nilisoma. Nilisema mvua za mwaka huu na nguzo. Nilisema kilima. Nilisema njia ya pembeni inatakiwa kuwa na upana wa hatua tano angalau. Halafu nikasoma sehemu ya mwisho, siku tisa, na sufuria.

Mwenyekiti ana duka la vifaa na huongea kama anayekupimia misumari, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mwaka jana ulituandikia uongo."

"Ndiyo."

"Na sahihi ukaweka."

"Ndiyo."

"Na mwaka huu unataka tuamini hizi."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimeogopa hasira, kicheko na viboko, lakini sikufikiria kwamba ukweli wangu ungetumika kufuta ukweli wangu.

"Nguzo iko pale," nikasema. "Mtu yeyote anaweza kwenda kuangalia tope."

"Mtu yeyote anaweza kupaka tope," akasema mtu wa nyuma, na wakacheka, na basi, limekuwa mzaha tena.

Mwalimu alikuwepo. Alikuwa anaangalia kucha zake. Baba alisimama akatoka. Alinipita kama meza.

Waliendelea na ajenda ya uzio.

13 Aprili

Baba haongei nami. Anamwambia Mama aniambie. "Mwambie mwanao apishe mlango." Niko mlangoni, namsikia.

0.0.

14 Aprili

Nilitaka kwenda kumwambia shangazi kabla hajasikia kwa watu. Nimechelewa. Nilimkuta anaifungua cherehani kutoka kwenye meza yake.

"Njoo ushike hapa. Si hapo, utajikata."

"Shangazi, nilitaka kukuambia…"

"Nimeambiwa mara nne, na kila anayekuja anaongeza chumvi. Wa mwisho kasema uliandika siku tisini." Akafungua skrubu. "Uliogopa wavulana?"

"Walikuwa wananihesabu."

"Basi." Akafungua skrubu nyingine. "Ungeniambia mimi ningekwenda kuwahesabu wao."

Nikalia. Akaniacha nilie huku nimeshika cherehani, maana ni nzito na alikuwa bado hajamaliza.

"Mimi namba sizijui," akasema. "Lakini nalala chini ya lile tuta. Wiki iliyopita maji yalipita hapo pembeni yakiwa mekundu, na ukoo wetu umeishi hapa miaka yote hatujaona maji mekundu. Na mtoto hajipeleki mbele ya wanaume ishirini kujivua nguo kwa sababu ya mchezo. Inua upande wako."

Tuliibeba mpaka nyumbani kwetu, juu, pamoja na nguo za wateja kwenye shuka. Mama akampisha sebuleni bila kuuliza neno. Baba alimkuta dada yake amekaa kwenye kiti chake.

"Kuna nini?"

"Nimehama. Lambo lako halinipi usingizi."

"Lambo ni imara."

"Vizuri. Basi nenda ukalale wewe kwangu."

Baba akaenda kulisha kuku, ambao walikuwa wameshalishwa.

15 Aprili

Shangazi hakuja kwetu kukaa tu. Leo asubuhi alichukua jembe na sururu za Baba, akaenda kuchimba njia ya pembeni. Nilimfuata baada ya shule. Udongo ni mgumu kama sakafu. Tumeongeza upana wa kiganja.

16 Aprili

Mama amekuja. Hakusema kwa nini. Upana wa nusu hatua. Mwenyekiti alipita akasema tunaharibu mali ya umma. Shangazi akamwambia ashike sururu aharibu na yeye.

17 Aprili

Malengelenge. 0.0, mawingu upande wa kilima.

18 Aprili

Sitaki kuandika kwa furaha kwa sababu sina uhakika ni furaha. Tulipofika lambo leo Baba alikuwa tayari anachimba, amevua shati. Lazima alianza alfajiri kwa sababu alikuwa ameshapita hatua tatu. Hakunitazama. Shangazi alifungua mdomo, Mama akamkanyaga mguu.

Tumechimba mpaka giza bila mtu kuzungumza, isipokuwa shangazi ambaye hawezi kunyamaza.

20 Aprili

Hatua nne na nusu. Dada hawezi kuiruka tena. Amejaribu, ameanguka.

23 Aprili

Imekuja.

Ilianza saa nane mchana, darasani, kipindi cha hesabu. Bati lilipiga kelele mpaka mwalimu akaacha kufundisha akakaa. Nilihesabu dakika kwa saa ya ukutani: arobaini na tano. Ilipopungua nilitoka mbio, nikapita ukutani, na wavulana walikuwepo chini ya paa lakini hakuna aliyehesabu. Au walihesabu na sikusikia.

Korongo sikulitambua. Nguzo haikuonekana kabisa. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yanabeba visiki vya kilimani ambavyo wachoma mkaa waliving'oa na kuviacha. Nilikimbia mpaka lambo. Nusu ya watu wa hapa walikuwa pale wamesimama kwenye mteremko, wamejifunika magunia na plastiki, na Baba alikuwa mwisho wa tuta.

Lambo lilikuwa limejaa. Kutoka maji mpaka juu ya tuta kulikuwa na kiganja kimoja. Njia ya pembeni ilikuwa inanguruma, imejaa ukingo kwa ukingo, hatua zote nne na nusu. Nilisimama karibu na Baba. Tulitazama ule upana wa kiganja. Ulipungua ukawa vidole vitatu. Kisha ukabaki vidole vitatu, kwa muda mrefu sana, na baadaye, sijui saa ngapi, ukawa vinne.

Baba akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Ingekuwa hatua mbili…" Hakumalizia.

Maji ya njia ya pembeni yalishuka yakapita ubavuni mwa nyumba ya shangazi na kuchukua choo chake chote, mlango, kuta na paa. Nyumba imebaki.

"Mmeokoa sebule mmeua choo," shangazi alisema. "Sasa wageni wangu niwaonyeshe nini?"

Mwenyekiti alipanda juu ya tuta, akapiga mguu chini mara mbili mbele ya watu wote. "Mnaona?" akasema. "Niliwaambia. Imara."

Nilitaka kumsukuma ndani. Naandika hivyo hapa kwa sababu hapa siandiki tena uongo.

24 Aprili

Kipimo cha jana: 58.0. Chini ya ile ya sufuria.

26 Aprili

Maji ya lambo yametulia na tope limejionyesha pembeni, jekundu, kina cha goti. Lambo la kiangazi kimoja limeshajaa udongo karibu robo. Baba alikwenda kuliangalia, nikamfuata kwa mbali. Aliinama akachomoa kitu kwenye tope. Mche wa mahindi, urefu wa kidole. Akachomoa mwingine. Iliota mingi pale ukingoni, mingine bado imeshika udongo wa kilimani.

"Hizi mbegu zangu," akasema. Ni maneno ya kwanza kuniambia mimi, si kupitia kwa Mama. "Shamba langu limehamia huku."

Alikaa amechuchumaa na ile miche kiganjani.

"Kile kitabu," akasema, "kinasema mtu ajuaje mahali mteremko ulipolala sawa? Kwa macho haiwezekani."

Nikamwambia: miti mitatu inayofungwa kama herufi A, uzi, na jiwe linaloning'inia katikati.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na muda wote huu ulikuwa unalijua hilo."

"Nilikuambia, Baba. Tarehe tisa Machi."

Akasema sawa, sawa, usianze.

29 Aprili

Tumeshachora mistari sita kwa kukata kilima, mimi nashika mti, Baba anapigilia vijiti. Majirani wawili wanatutazama na kutucheka. Dereva wa trekta amesema hatalima kwa ubavu hata alipwe mara mbili. Baba amesema atalima kwa jembe. Shangazi amesema atakuja kutazama, akiwa na kiti.

0.0.

2 Mei

Mwalimu aliniita. Alitoa mfukoni karatasi yangu, bado imekunjwa mara nne. Alisema wakaguzi wanakuja kesho kutwa. Alisema, bila kunitazama, kwamba daftari ni langu na funguo za kabati ziko kwenye msumari. Kisha akaenda darasani kabla kengele haijalia.

Nilifungua kabati. Nilichukua kalamu nyekundu na rula. Kwenye Aprili ya mwaka jana nilipiga mstari mmoja juu ya kila moja ya zile siku tisa, ili namba ziendelee kusomeka, na pembeni ya kila moja nikaandika: haikupimwa. Pembeni ya ile ya sita niliandika: makadirio kwa sufuria, vidole vinne. Niliweka sahihi mara tisa na tarehe ya leo.

Saa tatu ilikuwa imefika. Nilipita ukutani. Walihesabu hadi ishirini na nane. Nikatoa chupa, nikamimina maji kwenye kioo, nikasubiri yatulie, nikaandika 4.5.